Siku ya Msukaji Iingie Daftarini

Maneno ya Kamati ya Fedha katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani



Kila mwaka Kamati ya Fedha husimama mahali hapa kusoma mapato na matumizi. Tunasema yamenunuliwa mabati mangapi na madawati mangapi, na imebaki kiasi gani benki. Taarifa hiyo ipo mwishoni mwa kijitabu hiki, mtaisoma kwa nafasi. Leo tumeomba dakika chache tuzungumze jambo moja tu, na jambo lenyewe ni ukindu.

Mtasema, wahasibu na ukindu wapi na wapi? Tunaomba subira. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo habari yetu inapoanzia.

Hakuna mwana-Mafia asiyejua mkeka. Mtoto anazaliwa, mkeka umetandikwa. Mgeni akipiga hodi, kabla hajaulizwa habari za safari anatandikiwa mkeka. Bibi harusi anasindikizwa na mikeka, na hitma inasomwa juu ya mikeka. Ukimwona mtu na msala wake begani anakwenda msikitini, kuna mama mahali fulani aliyeusuka msala ule kwa vidole vyake. Kanga, Bweni, Kirongwe, Baleni, Chole, kila upande wa kisiwa una mikono inayojulikana kwa kazi hii.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wa hapa wanalijua hata kama hawalisemi. Pesa ya mkeka ni ya mwenye mkeka. Mama anaposuka na kuuza, fedha ile ni yake. Ndiyo iliyolipa upatu, ikanunua sare za shule, ikatoa nauli ya jahazi mtoto alipofaulu kwenda sekondari bara. Wengi wetu tuliokaa kwenye viti hivi tumesomeshwa na nazi, samaki na ukindu. Nazi na samaki vimezungumzwa sana kwenye mikutano yetu. Ukindu haujawahi kupewa ajenda yake.

Hesabu ya mkeka mmoja

Mwaka huu tulikaa na mama zetu wa vijiji kadhaa tukaomba watusaidie kupiga hesabu ya mkeka mmoja. Swali la kwanza lilikuwa rahisi: mama, ukindu umekugharimu kiasi gani? Akajibu. Rangi je? Akajibu. Na siku zako ngapi zimeingia humu? Hapo akacheka. "Siku gani mwanangu? Mimi nasuka nikiwa nimekaa tu."

Jibu hilo tulilisikia zaidi ya mara moja. Lakini tuliomwona kazini tunajua hajakaa tu. Ukindu unakatwa kwenye mkindu ungali mchanga, unabebwa hadi nyumbani na kuanikwa juani mpaka ubadilike rangi. Unachanwa vipande vyembamba vinavyolingana. Unaotakiwa kuwa na rangi unachemshwa sufuriani. Halafu unaanza ukili, mkanda mrefu unaosukwa usiku na mchana, jikoni, barazani, msibani, kidogo kidogo hadi ufike pima nyingi. Ukili ukitosha ndipo unashonwa, mkanda kwa mkanda, mapambo yakutane sawasawa, na pindo linamaliziwa. Akikosea kuhesabu kwenye ukili, kosa litaonekana kwenye mkeka mzima.

Tuchukue mfano wa ubaoni. Namba hizi ni za kufundishia, kila msukaji ataweka zake. Tuseme mkeka wa kulalia umekula ukindu na rangi vya shilingi 9,000. Mama ameusuka kwa saa 3 kila siku kwa siku 30, yaani saa 90. Ameuuza shilingi 45,000. Toa 9,000, inabaki 36,000. Gawa kwa saa 90, unapata shilingi 400 kwa saa. Akifanya kazi saa 8 kwa kutwa, kutwa yake ni shilingi 3,200.

Mama akishika 45,000 mkononi anaona amepata, na ana haki ya kuona hivyo, kwa sababu siku zake hazikuandikwa popote. Ila binti yake aliyemaliza kidato cha nne anajua kugawanya. Anaona mama amekaa mwezi mzima kwa kutwa ya 3,200. Anapanda boti kwenda Nyamisati, na kutoka hapo anapanda basi kuja mjini kutafuta kazi ya duka. Tusimlaumu binti huyu, amepiga hesabu akaipata sawasawa. Wazee wanasema mwacha mila ni mtumwa. Sisi tunaongeza kwamba mila isiyomlisha mwenyewe itaachwa, hata ikihubiriwa kila mwaka kwenye hafla.

Na ufundi huu haumo kitabuni. Umo vidoleni. Mama anayejua majina ya misuko na mapambo, anayejua rangi ipi inakaa na ipi inachujuka, akiondoka bila kumwachia mtu, hakuna maktaba tutakayokwenda kuuliza. Kwa hiyo tunachozungumza leo kina muda wake, na muda huo unapita.

Wenzetu walifanyaje

Tumeangalia watu waliojenga biashara juu ya utamaduni wao. Tutataja watatu, kila mmoja ana funzo lake.

Wa kwanza wapo Iringa. Karakana ya Neema Crafts ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikiwa na vijana viziwi watatu waliofundishwa kutengeneza karatasi, tena karatasi ya kinyesi cha tembo. Ilikua ikawa na ufumaji, duka, mgahawa na nyumba ya wageni, na wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Funzo lake ni kwamba mgeni halazimiki kukutana na bidhaa dukani tu. Anaweza kuingia kazini, akaona mikono, akaelewa kwa nini bei ni ile. Mtu aliyeona kazi hapungukiwi na heshima kwa bei.

Wa pili wapo hapa hapa mjini. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa, waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika, pale Morogoro Stores, Oysterbay. Leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la aina nzima ya sanaa. Lakini picha za aina hiyo sasa zinauzwa kila mahali, na mnunuzi wa kawaida hajui nani amechora na wapi. Funzo letu ni kwamba kazi isiyobeba jina la mtu na la mahali hugeuka kuwa ya kila mtu, na faida inafuata njia hiyo hiyo.

Wa tatu wapo Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake walirudi kusuka vikapu vya asili, agaseke, wengine wakikaa pamoja na wake wa watu waliowadhulumu. Ndugu wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walianzisha kampuni ya Gahaya Links, wakawafundisha wasukaji wa vijijini vipimo na ubora, na mwaka 2005 vikapu vya Rwanda vikaanza kuuzwa na maduka ya Macy's ya Marekani. Tuangalie mpangilio wa hatua. Yalitangulia mafunzo na vipimo vinavyofanana, soko likafuata. Mnunuzi mkubwa akiagiza vikapu mia anataka vyote mia vifanane kimo.

Risiti inayokosekana

Sasa turudi nyumbani. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Wageni wanakuja kuzamia Ghuba ya Chole, kumwona papa potwe karibu na Kilindoni, na kutembelea magofu ya Kua. Hoteli zipo Utende, na hoteli zinahitaji mikeka, vikapu vya nguo, kawa za kufunikia chakula, mikoba ya kubebea taulo, vifuniko vya taa. Vitu vyote hivi mama zetu wanaweza kuvisuka.

Kwa nini hoteli inunue kikapu dukani Dar es Salaam, kivuke bahari kurudi kwenye kisiwa chenye wasukaji? Wengi watajibu ni dharau. Sisi tunaokaa kwenye viti vya uhasibu tunajua sababu kavu zaidi: mhasibu wa hoteli anahitaji risiti. Anahitaji namba ya mlipakodi, risiti ya mashine ya EFD, ankara, na akaunti ya benki ya kulipia. Mama wa Kirongwe ana kikapu kizuri kuliko cha dukani, ila hana karatasi. Pia mhasibu huyo hulipa baada ya siku 30, pengine 60, wakati mama anahitaji fedha leo kwa sababu mtoto ana homa. Kwa hiyo mama anamwuzia mchuuzi anayekuja na fedha taslimu, au anatoa mali kauli na kusubiri bila maandishi.

Mchuuzi si adui. Anabeba fedha, anabeba hatari ya bahari, na anakuja kweli. Anachokifanya yeye, kununua taslimu na kusubiri malipo, ndicho ambacho wasukaji wenyewe hawawezi kukifanya kwa kukosa mtaji na karatasi. Pengo letu lipo hapo tu, na pengo hilo linazibika.

Tunachopendekeza

Wapo wanachama wenzetu waliopendekeza makusanyo ya mwaka huu yajenge jengo la kituo cha utamaduni. Ni wazo la heshima, na waliolitoa wanaipenda Mafia kama sisi. Jengo linaonekana, na linaweza kuwekewa jiwe la msingi. Maoni ya Kamati ni kwamba jengo lije baadaye, likijengwa na biashara yenyewe. Mama zetu wanasuka barazani kwao vizuri kabisa. Kinachokosekana ni fedha ya kuwalipa siku ile ile wanapoleta kazi.

Tunapendekeza nusu ya makusanyo ya leo iwe mtaji wa mzunguko wa wasukaji. Tueleze unavyofanya kazi.

Tuseme kikapu cha mezani kinauzwa hotelini shilingi 15,000. Kila shilingi 100 ya bei hiyo tunapendekeza igawanywe hivi: 60 kwa msukaji, 12 kwa ufungaji na usafiri, 8 kwa mafunzo na ukaguzi wa ubora, 10 kwa ofisi, kodi na mashine ya risiti, 5 kwa bidhaa zitakazoharibika, na 5 kwa mfuko wa kijiji wa kutunza mikindu. Msukaji anapata 9,000. Kama ukindu na rangi ni 1,500 na kikapu kimekula saa 5, amepata 1,500 kwa saa. Mlinganishe na yule wa 400.

Mkeka mkubwa hatuuachi, maana ndio mama wa kazi zote. Ila kwa kiwango hicho hicho cha saa, mkeka wa saa 90 unamstahilia msukaji shilingi 144,000 pamoja na ukindu wake. Bei hiyo haifai kubahatisha. Mkeka mkubwa uwe wa oda, wenye malipo ya awali, kwa mteja anayejua anachonunua.

Sasa mtaji. Tukiweka shilingi milioni 9, zinalipa vikapu 1,000. Hoteli na maduka yakilipa ndani ya miezi miwili, fedha ile ile inazunguka mara sita kwa mwaka: vikapu 6,000, na milioni 54 zimeingia mikononi mwa wasukaji. Malipo yakichelewa hadi miezi minne, inazunguka mara tatu, na ni milioni 27 tu. Mtaji ni ule ule na mikono ni ile ile. Tofauti ya milioni 27 imeletwa na kufuatilia madeni. Ndiyo maana tunasema biashara ya utamaduni inahitaji mtu wa daftari sawa na inavyohitaji fundi.

Mengine tunayataja kwa kifupi.

Umiliki uwe wa wasukaji. Waanze na vikundi vilivyosajiliwa halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, kisha waungane kuwa chama cha ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013, ambamo kila mwanachama ana kura moja. Chama chetu cha mjini kisiwe na hisa. Tutoe mtaji, tutoe wahasibu wa kujitolea, na tutafute wateja huku mjini. Kikundi chenye usajili na vitabu kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Fedha yetu iwe ngazi ya kufikia huko. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, nayo tuiombe mafunzo.

Kila bidhaa ibebe jina la aliyeisuka na kijiji chake. Na majina ya misuko yaandikwe kwenye rejista, pamoja na picha na jina la mama aliyetoa maelezo. Rejista hiyo ni mali ya chama kama ilivyo fedha benki.

Mikindu ihesabiwe. Ukikata machipukizi yote ya mkindu mmoja, mwakani hukuti kitu. Zile 5 katika kila 100 zipande mikindu na kuweka utaratibu wa kukata kwa zamu, ukisimamiwa na serikali ya kijiji. Biashara inayokula mbegu yake haina mwaka wa tano.

Na usimamizi. Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili wao wasukaji. Hesabu zibandikwe kila robo mwaka kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na zichapishwe kwenye kijitabu hiki. Baada ya miaka mitatu tutapima. Mtaji ukiwa umepungua kwa zaidi ya robo, tutafunga mzunguko, na kilichobaki kiende kwenye madarasa. Tunasema haya mapema ili asiwepo mtu wa kuona haya kuuliza maswali siku hiyo.

Kuna neno moja kwetu sote tunaoishi mjini. Mama zetu hawahitaji wanunuzi wa huruma. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja, anaweka kikapu juu ya kabati na anajisikia vizuri. Anayenunua kwa sababu kikapu ni imara, kimefika kwa wakati na kina risiti, huyo atarudi. Biashara hii isimame kwa wateja wa aina ya pili. Kusudi letu liwe jema, na kazi yetu iwe nzuri kiasi cha kununuliwa hata na asiyejua kusudi hilo.

Tunaomba nini

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, muidhinishe pendekezo la nusu ya makusanyo. Mwenyekiti atalipigia kura kabla ya chakula, na mwenye hoja ya kupinga apewe nafasi yake kamili.

La pili, mchango. Shilingi 90,000 inalipa vikapu kumi papo kwa papo, na ikirudi italipa vingine kumi. Asiyeweza hiyo, 9,000 inalipa kikapu kimoja cha mama mmoja, na haba na haba hujaza kibaba. Ahadi pia tunapokea, ila Kamati ya Fedha mnaifahamu: ahadi tutaiandika, na tutakupigia simu.

La tatu ni nafasi zenu. Kuna wenye maduka hapa, kuna wanaofanya kazi kwenye hoteli, ofisi na balozi, kuna wanaoandaa mikutano. Mahali unapofanya kazi wananunua nini ambacho kingeweza kusukwa nyumbani? Tuletee jina la anayehusika na manunuzi, tutafuatilia sisi.

Mwakani, Mungu akitujalia uzima, tutasoma tena mapato na matumizi. Tunataka safari hiyo kuwe na mstari ambao haujawahi kuwepo kwenye vitabu vyetu: saa za wasukaji na kiasi walicholipwa kwa kila saa. Namba ikiwa ndogo tutaisoma. Ikiwa kubwa tutaisoma pia, na binti aliyekwenda kutafuta kazi ya duka ataisoma mwenyewe, kisha aamue.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote waliotangulia kutusomesha kwa vidole vyao, na awape afya wanaoendelea kusuka.